Kabati la vioo lenye taa za tyubu: shajara ya kutafuta hitilafu

Jumamosi asubuhi

Kabati limefika karakanani. Fremu ni ya alumini, pande zote ni vioo, nyuma kuna milango miwili ya kusukuma, na juu kuna tyubu mbili zilizofichwa nyuma ya ukingo ili mtazamaji aone mwanga bila kuiona taa yenyewe. Malalamiko niliyoletewa ni kwamba taa zinapepesa: leo zinawaka vizuri, kesho zinahangaika mpaka mtu anachoka kuzitazama. Pamoja na kabati, wenye nalo wameleta tyubu mpya mbili, na ombi lao ni nizipachike nilirudishe.

Nimeziweka kando. Kupachika tyubu ni kazi ya dakika moja, na huenda taa zingewaka papo hapo. Lakini kabati hili ni alumini tupu kutoka juu hadi chini, na watu huliegemea siku nzima, wakiwemo watoto wanaobandika nyuso zao kwenye kioo. Taa ya dari ikipepesa ni kero tu. Taa iliyo ndani ya fremu inayoshikwa na kila mpita njia ikipepesa, nataka kujua sababu kwanza.

Kabla ya bisibisi, maswali. Nilimuuliza mama anayelifuta vumbi kila siku kama kuna jambo jingine aliloliona.

"Fundi, hilo kabati huniwasha vidole," aliniambia. "Nikipitisha kitambaa kwenye ule mlango wa nyuma, nahisi kama sisimizi wananitembea mkononi."

"Taa zikiwa zimewaka?"

"Hata zikizimwa. Mradi tu liko kwenye plagi."

Akaongeza kwamba usiku, taa za ukumbi zikizimwa zote, tyubu za kabati hubaki na mwanga hafifu usioisha. Hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa hiyo hakuwahi kusema. Nimeyaandika maneno yake juu kabisa ya karatasi ya kazi, juu ya lile neno "kupepesa", kwa sababu kuwasha vidole wakati swichi imezimwa ni dalili nzito kuliko taa isiyotulia.

Jumamosi mchana

Nimefungua sakafu ya mbao. Plagi imekaa mezani mbele yangu, na hilo ndilo sharti langu: siamini swichi ya ukutani, naamini plagi ninayoiona kwa macho.

Hata hivyo sikugusa kitu kabla ya kupima kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme. Katika kabati la aina hii kapasita imefungwa sambamba na njia ya umeme. Ikiwa kizuizi kidogo kinachoimaliza chaji kimekufa, inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 baada ya plagi kuchomolewa, na pini za plagi zenyewe zikampiga mtu. Multimita imeonyesha sifuri kwenye kapasita na sifuri kati ya pini. Kizuizi ni kizima.

Nimeikagua pia kwa jicho la afya. Kapasita na choki (koili inayodhibiti mkondo wa tyubu) za kabla ya miaka ya 1980 zinaweza kuwa na mafuta ya PCB, kemikali ambazo Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979, na ambazo Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliziweka kwenye orodha ya kuondolewa duniani kote. Hii si ya aina hiyo. Ni kavu, ya plastiki, ya kizazi cha baadaye. Ingekuwa kopo la bati linalotoa majimaji mazito, kazi ingesimama hapo mpaka nivae glavu na nijue pa kulipeleka.

Vilivyomo chini ya sakafu: choki moja, stata mbili (viwashio vya tyubu), kapasita, na konekta ya plastiki iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa kwa joto. Choki imeandikwa wati 36, ampea 0.43, tw 130. Hiyo namba ya mwisho ni nyuzi za Selsiasi: koili imetengenezwa kuvumilia joto hilo kwa miaka kumi ya kuwaka mfululizo. Ikizidi hapo, umri unapungua kwa kasi. Ganda la nyaya zinazopita karibu na choki limekauka, nikiukunja waya kidogo linavunjika na kumwaga vipande. Mita moja mbali na choki, waya huohuo bado ni laini.

Kilichonisimamisha ni konekta. Nyaya za ndani ya kabati ni za rangi za zamani: nyekundu ya moto (waya unaoleta umeme), nyeusi ya nyutro (waya unaourudisha). Waya wa plagi umewahi kubadilishwa na una rangi za sasa: kahawia ya moto, buluu ya nyutro. Ndani ya konekta, kahawia imefungwa na nyeusi, na buluu imefungwa na nyekundu.

Tyubu haijali. Umeme wa majumbani hugeuza mwelekeo mara nyingi kila sekunde, na tyubu itawaka ukiuingiza upande wowote. Inayojali ni swichi. Swichi ya kabati hili iko kwenye waya mwekundu, mahali pake panapofaa kabisa kama mwekundu ungekuwa moto. Kwa jinsi ilivyofungwa sasa, swichi inakata nyutro. Mtu akizima, taa zinazimika, lakini moto unabaki umejaa kwenye waya mweusi, kwenye holda zinazoshika tyubu, kwenye pini za tyubu, na kurudi hadi kwenye choki. Anayebadilisha tyubu huku akijua "nimezima" anashika volti 230.

Ndiyo sababu ya ule mwanga wa usiku. Tyubu nzima inabaki na moto, na kati ya gesi iliyomo na metali iliyo karibu nayo kunapita mkondo mdogo sana, kama unavyopita kwenye kapasita. Mkondo huo hautoshi kuwasha taa, ila unatosha kuifanya gesi ing'ae kidogo. Ukiona tyubu yenye choki ya kawaida inang'aa hafifu baada ya kuzimwa, nenda moja kwa moja ukaangalie kama swichi iko kwenye nyutro. Mara nyingi hutahitaji kutafuta mahali pengine.

Jumapili

Leo nimekaa na karatasi na penseli. Nimechora saketi nzima kama ilivyo, si kama inavyopaswa kuwa, kisha nikaifuata kwa multimita kipande kwa kipande.

Mpango wake ni huu: choki moja ya wati 36 inalisha tyubu mbili za wati 18 zilizofungwa mfululizo, kila tyubu na stata yake. Si ubahili, ni mpango halali na wa kawaida katika makabati. Tyubu ya wati 18 ikishawaka ina volti 57 hivi kati ya ncha zake, kwa hiyo mbili zikifuatana zinakaribia volti 103 za tyubu moja ya wati 36, na choki moja inatosha. Gharama ya mpango huu ni kwamba moja ikifa, zote mbili zinazimika.

Kwa asiyewahi kuifungua taa hii: umeme ukifika, tyubu bado ni baridi na haipitishi kitu. Volti yote inakaa kwenye stata. Ndani ya stata kuna kichupa chenye gesi na utepe wa metali mbili. Gesi inang'aa, utepe unapata joto, unajikunja, unagusa. Sasa mkondo unapita kwenye filamenti za ncha zote mbili za tyubu na kuzipasha moto. Kwa kuwa utepe umegusa, gesi ya kichupa inazimika, utepe unapoa, unaachia. Wakati huohuo wa kuachia, choki inagoma kukatwa ghafla na kutupa pigo la mamia ya volti, na pigo hilo ndilo linalolipua njia ndani ya tyubu. Mvuke wa zebaki unaanza kutoa miali ya urujuanimno, na unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo unaigeuza kuwa mwanga tunaouona. Tangu hapo volti iliyobaki kwenye stata ni ndogo, haiwezi kuiamsha tena.

Vipimo vya leo, vyote bila umeme:

Filamenti zote nne ni nzima, omu tatu mpaka nne kila moja. Tyubu ya kushoto ina ncha nyeusi tititi, maana yake dawa iliyopakwa kwenye filamenti, ile inayorahisisha elektroni kutoka, imeisha na kurukia kwenye kioo. Hiyo inaenda kustaafu. Ya kulia ina kivuli kidogo tu.

Choki ina omu 34 kati ya miguu yake, na hakuna njia kutoka kwenye koili hadi kwenye chuma chake. Imekaa vizuri kwa umri wake.

Kapasita inapaswa kuwa mikrofaradi 4.5, imepima 2.9. Imechoka, lakini haihusiki kabisa na kupepesa. Kazi yake ni kupunguza mkondo unaovutwa bure kutoka kwenye njia kuu.

Stata ndizo zilizonipa jibu la kwanza. Ya kushoto ni ya aina ya mfululizo, ya tyubu za wati 4 hadi 22. Ya kulia ni ya tyubu moja inayojitegemea kwenye volti 220 hadi 240. Kwa nje ni pacha, kopo lilelile la plastiki nyeupe, na mtu aliye juu ya kigoda hasomi maandishi madogo. Kwenye mfululizo, volti ya njia kuu inagawanywa kati ya stata mbili. Ile sahihi inaamka mapema, ile nyingine inasubiri volti ambayo haifiki kwa uhakika. Umeme ukiwa na nguvu inaamka, ukishuka kidogo inalala, na mwenzake anabaki kupepesa peke yake. Hapo ndipo "leo zinawaka, kesho hazitaki" inapotokea. Tyubu mpya zisingeliponya kabati hili.

Stata mbili mpya za aina ya mfululizo zimewekwa kwenye kisanduku cha vipuri. Bado sijawasha kitu.

Jumatatu jioni

Leo ni zamu ya ethi, waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja kwenye metali, na ndiyo siku muhimu kuliko zote katika kazi hii.

Nimepima kutoka pini ya ethi ya plagi hadi skrubu ya ethi iliyo chini ya kabati: karibu sifuri. Safi. Kutoka pini hiyohiyo hadi kwenye fremu yenyewe, sentimita chache kutoka kwenye skrubu: hakuna kitu. Nikasogeza ncha ya multimita nguzo kwa nguzo, reli kwa reli. Hakuna. Nikakwangua alama ndogo kwenye kona isiyoonekana, nikagusa hapo: bado hakuna njia mpaka kwenye skrubu.

Alumini ya makabati mengi imepewa tabaka gumu la oksidi ili isichafuke na isikwaruzike. Tabaka hilo ni zuri kwa macho, lakini halipitishi umeme. Skrubu ya ethi ilikuwa imekazwa juu ya tabaka hilo bila kulikwangua, na kila nguzo imeungana na mwenzake kwa kona za plastiki. Waya wa ethi upo, una rangi yake ya kijani na njano, umekazwa vizuri, na haulindi chochote. Aliyeukagua kwa macho tu angeridhika.

Nimefanya hivi: nimekwangua mpaka metali inayong'aa, nikaweka washa ya meno, kichwa cha waya cha pete, nati, na mafuta kidogo ya kuzuia kutu. Kisha nyaya fupi za ethi kutoka nguzo hadi nguzo, na moja kwenda kwenye paa linalobeba holda. Sasa kutoka pini ya plagi hadi sehemu yoyote ya fremu ni chini ya nusu omu.

Baada ya hapo ikaja mega, kipimo kinachoonyesha kama ganda la nyaya linazuia umeme usivuje. Nimetoa tyubu, stata na kapasita, nikaunganisha moto na nyutro pamoja, nikapima kati yao na fremu kwa volti 500 za mkondo mnyoofu. Kwa saketi ya namna hii sikubali chini ya megaomu moja, na waya mzuri hutoa mamia. Kabati limetoa 0.2. Nikasukuma mlango wa nyuma taratibu: sindano ikaanguka hadi sifuri, ikarudi, ikaanguka tena.

Hesabu yake inalingana na vidole vya yule mama. Volti 230 kupitia megaomu 0.2 ni zaidi kidogo ya miliampea moja. Mtu huanza kuhisi umeme karibu nusu miliampea, na karibu miliampea 10 misuli hukaza mpaka akashindwa kuachia. Mkono wake ulikuwa unahisi kiasi kile kinachovuja mlango ukiwa umetulia. Mlango ukisogea, fremu ya upande huo ilikuwa inapata volti 230 kamili. Na kwa kuwa fremu haikuwa na ethi, hakuna fyuzi iliyokatika wala kinga ya uvujaji (swichi inayokata umeme ukivuja) iliyoruka. Umeme haukuwa na pa kwenda. Ungepata pa kwenda siku mtu aliyeshika kabati angegusa bomba la maji kwa mkono wa pili.

Nasisitiza hili kwa yeyote anayefanya kazi hizi: kabati lisiloangusha kinga si lazima liwe salama. Fremu yoyote isiyo na ethi iliyo karibu na choki inaweza kuwasha vidole kidogo hata kama waya zote ni nzima, kwa sababu ya umeme unaopenya bila kugusana, na multimita ya kidijitali itakuonyesha volti 80 au 100 kwenye fremu hiyo. Mafundi wengi wakiliona hilo husema "ni kawaida", wakafunga. Multimita haikutofautishii umeme wa namna hiyo na waya uliochunika. Mega inakutofautishia.

Jumatano

Nimeichunguza saketi kwa kuitenga. Choki peke yake: mamia ya megaomu. Holda za juu: sawa. Nyaya zinazopanda ndani ya nguzo ya nyuma kulia: hapo hapo.

Nguzo hiyo ni bomba la mraba, na reli ya mlango imefungwa juu yake kwa skrubu zinazojitobolea njia. Nimezitoa moja baada ya nyingine. Ya tatu kutoka chini ni ndefu kuliko wenzake, imetoka kwenye kopo jingine, na ncha yake ilikuwa na ung'avu wa rangi ya shaba.

Nimeuvuta waya nikaulaza chini ya kioo cha kukuzia. Skrubu imeingia ubavuni mwa ganda jeusi na kulipasua kwa urefu wa punje ya mchele. Ndani ya mpasuko nyuzi za shaba zimekatika zote, ncha zake zimeungua na kuwa na vidonge vidogo vyeusi, na ganda limeacha utando wa masizi unaopitisha umeme. Ncha zilizokatika zilikuwa zinagusana na kuachana kila reli ilipotikiswa. Ndiyo kupepesa kwa pili, kule kulikotokea mlango unaposukumwa, ambako hata stata sahihi isingekuondoa.

Na ni waya mweusi. Kwa mpango wa awali ulikuwa nyutro, na skrubu hiyo ingeweza kukaa pale miaka bila kumdhuru mtu. Kwa kuwa rangi zilibadilishana kule chini, waya huo ulikuwa na moto wakati wote plagi ilipokuwa ukutani, swichi ikiwa imewashwa au imezimwa. Skrubu moja ndefu, konekta iliyofungwa kinyume, ethi iliyokaa juu ya oksidi. Kila moja peke yake isingetosha. Zote tatu pamoja zilitosha.

Uamuzi: nyaya zote za ndani zinatoka. Sikati na kuunga. Ndani ya nguzo ambayo sitaiona tena, kiungo ni hitilafu inayosubiri.

Alhamisi na Ijumaa

Kazi ya mikono, haina mengi ya kusimulia. Waya mpya wa milimita moja ya mraba, unaovumilia nyuzi 105, kwa sababu ya joto la choki. Ndani ya nguzo nimeupitisha kwenye bomba laini la plastiki, na kila tundu la metali limepewa mpira wa kuzuia makali. Skrubu za reli zote zimebadilishwa kwa fupi. Kahawia kwenye moto, swichi kwenye moto, choki baada ya swichi, buluu ikirudi moja kwa moja. Fyuzi ya plagi ilikuwa ya ampea 13 kwa kifaa kisichofika hata nusu ampea, nimeweka ya 3.

Holda nne zimebadilishwa pia. Za zamani zilikuwa zimeshikilia tyubu, lakini ukiitikisa tyubu kwa kidole inacheza, na ndani ya mbili kati yake shaba ilikuwa na madoa meusi ya cheche. Mguso legevu huzalisha joto, joto hulegeza chemchemi, chemchemi iliyolegea huzidisha cheche. Holda iliyoanza safari hiyo hairudi.

Choki ilikuwa inanguruma kwa sababu skrubu zake mbili zimelegea. Nimezikaza kwenye bati. Kuna wanaoweka kipande cha mpira chini ya choki ili inyamaze. Mimi sifanyi hivyo, kwa sababu choki hupoa kupitia bati ililolalia, na mpira unaifungia joto lake ndani. Kapasita mpya ya mikrofaradi 4.5 imewekwa mbali nayo, kwani kapasita haipendi joto. Kwenye sakafu ya mbao nimetoboa safu ya matundu mbele na nyingine nyuma ili hewa ipite.

Mega ya mwisho: zaidi ya megaomu 200, na haitikisiki hata nikisukuma milango yote miwili kwa nguvu.

Ijumaa usiku: kuwasha

Mara ya kwanza nimewasha kupitia taa ya sirizi, yaani balbu ya zamani ya wati 100 iliyofungwa mfululizo kabla ya kabati. Kama kuna shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na hakuna kinachoungua. Balbu imetoa mwanga hafifu wa machungwa, tyubu zimejaribu. Inatosha, hakuna shoti. Nimeiondoa balbu nikaunganisha moja kwa moja kupitia kinga ya uvujaji ya miliampea 30.

Stata zimepepesa kidogo, kisha tyubu zote mbili zimewaka pamoja na kutulia. Nimezizima, nikazima na taa za karakana. Giza totoro. Hakuna mwanga uliobaki kwenye kioo.

Vipimo vikiwa vimewaka: volti 58 kwenye tyubu moja, 57 kwenye nyingine, na karibu 195 kwenye choki. Mwanafunzi wangu alijumlisha akapata 310, akaniangalia, kwa sababu ukutani kuna 230 tu. Hizo volti hazifiki kileleni kwa wakati mmoja. Ya choki inatangulia ya tyubu kwa karibu robo ya mzunguko, kwa hiyo haziongezwi kama mawe kwenye mizani, zinaungana kama pande mbili za pembetatu yenye pembe mraba: 115 upande mmoja, 195 upande wa pili, na ule mrefu unakuwa kama 226. Alichora pembetatu mwenyewe kwenye daftari, akaipima kwa rula. Mkondo kutoka ukutani bila kapasita ni ampea 0.43, na ikiwekwa unashuka hadi karibu 0.2, taa zikiwa na mwanga uleule.

Jumamosi

Kabati limewaka tangu asubuhi. Ubavu wa choki umetulia kwenye nyuzi 70 na hausogei. Ndani ya kabati, rafu ya juu iko nyuzi chache juu ya joto la chumba.

Hilo limenipeleka kwenye vitakavyowekwa humo. Vifaa vya metali na kioo havina shida. Wenye kabati wanataka pia kuweka michoro ya karatasi ya zamani kwenye rafu ya juu, na hapo nimekataa. Kwa karatasi na vitambaa, makumbusho hujizuia kwenye laksi 50 (kipimo cha mwanga unaokifikia kitu), na urujuanimno usiozidi mikrowati 75 kwa kila lumeni. Tyubu ya wati 18 hutoa lumeni 1,000 na zaidi, na sentimita 30 chini yake ni mwanga mwingi mno. Nimevisha tyubu mirija ya plastiki inayochuja urujuanimno, ambayo pia itashika vipande na zebaki tyubu ikivunjika, lakini kichujio hakipunguzi mwanga wenyewe. Tumekubaliana: nakala za michoro zitakaa juu, michoro halisi itabaki kwenye droo.

Wameniuliza kwa nini sikuweka LED moja kwa moja. Ni swali la haki. Umoja wa Ulaya ulisitisha kuingiza sokoni tyubu za T8 na T5 (namba hizo ni za unene wa tyubu) Agosti 2023, na mwaka huohuo nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kupunguza zebaki, zilikubaliana kwamba utengenezaji na biashara ya taa za tyubu kati ya nchi na nchi ufikie mwisho ifikapo 2027. Siku ya LED itafika kwa kabati hili. Ila LED ikipachikwa kwenye fremu iliyokuwa na moto ingekuwa taa nzuri kwenye fremu yenye moto. Kazi ya ethi, nguzo na konekta ilikuwa lazima ifanyike kwa taa yoyote ile.

Nimeacha mchoro wa saketi ndani ya bahasha ya plastiki, umebandikwa chini ya sakafu, na kwa fundi atakayekuja nimeandika hivi: tyubu nyingi za LED zinazokuja na stata yao ya bandia zimetengenezwa kwa tyubu moja kwenye choki moja. Hapa ziko mbili mfululizo, usizipachike hivyo. Toa choki, stata na kapasita, peleka umeme moja kwa moja kwenye holda kulingana na maelekezo ya tyubu utakayonunua, kwani nyingine hulishwa ncha moja na nyingine ncha zote mbili, kisha andika juu ya holda kwamba tyubu ya kawaida isirudishwe humo.

Kilichobaki ni roda ya mlango wa kushoto, inayokwaruza reli. Nimeiagiza. Ikifika nitaifunga kwa skrubu fupi, nipime mega tena mlango ukiwa unasukumwa, ndipo kabati lirudi ukumbini.